Ukitaka kuijua jazz ya Kijapani, fuata wapigaji

SWALI: "Mimi ni fundi simu hapa Mwanza, nafanya kazi mpaka usiku wa manane na muziki ndio unaonipa nguvu. Mwaka jana YouTube iliniletea albamu ya Scenery ya Ryo Fukui, nikaipenda kupita kiasi. Tangu hapo inanirudishia piano zilezile. Nimeonja Casiopea, nimemwona Hiromi, lakini sioni hawa watu wanahusianaje. Nyumbani tulikulia kwenye kanda za Western Jazz na Morogoro Jazz za baba, naye akisikia ninachopiga siku hizi anasema Wajapani wanaiga tu Wamarekani. Nianzie wapi, vizazi vyao vimefuatanaje, na je, mzee yuko sahihi?"

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kukutajia albamu hata moja, naomba ufanye jambo ambalo litakufaa kuliko orodha yoyote. Kila unapopenda santuri ya Kijapani, tafuta majina ya wote waliopiga, hasa mpiga besi na mpiga ngoma, kisha uyafuate. Dunia ya jazz ya Japani ni ndogo. Aliyepiga jazz kali isiyo na melodi mwaka huu, mwaka ujao utamkuta kwenye fanki, na miaka michache baadaye yuko nyuma ya mpiga filimbi ya mwanzi. Ukiipanga kwa mitindo inakatikakatika mikononi, na ndiyo maana unaona Fukui, Casiopea na Hiromi kama watu wa sayari tofauti. YouTube haiwezi kukusaidia hapo, kwa sababu inachojua ni kwamba waliomsikiliza Fukui walisikiliza pia piano nyingine tulivu.

Nikuoneshe ninachosema kwa mfano mmoja. Tafuta Cat, albamu ya mpiga tromboni Hiroshi Suzuki iliyorekodiwa mwaka 1975. Utaipenda, ni muziki wa usiku hasa: piano ya umeme inayoelea, besi inayotembea bila haraka, tromboni inayozungumza kwa sauti ya chini. Sasa soma majina. Saksafoni ni Takeru Muraoka, kinanda ni Hiromasa Suzuki, besi ni Kunimitsu Inaba, ngoma ni Akira Ishikawa. Rudi nyuma hadi 1969, ufungue Hi-Nology ya mpiga tarumbeta Terumasa Hino. Huo ni moto mwingine kabisa, vijana wenye haraka ambao masikio yao yameelekezwa kwa mpiga tarumbeta wa Marekani, Miles Davis, wa miaka ile. Wapigaji? Muraoka, Hiromasa Suzuki na Inaba, walewale, na kwenye ngoma ni Motohiko Hino, mdogo wake Terumasa. Rudi tena hadi 1963, kwenye rekodi nitakayokueleza hapo chini, na Inaba yumo. Kisha mfuate Akira Ishikawa, na utashtuka: mwaka 1970 alitoa Bakishinba, iliyopewa jina dogo la "kumbukumbu za Afrika", na mwaka 1972 akatoa albamu nzima iitwayo Uganda, yenye ngoma nzito zilizochanganyika na gitaa la roki. Albamu moja tulivu imekufungulia milango minne, na bado hujagusa hata nusu ya viongozi wakubwa.

Kuhusu mzee, mfikishie shikamoo yangu na umwambie kwamba yuko sahihi kwa miaka thelathini na kitu ya mwanzo. Wajapani wenyewe hawalifichi hilo. Bendi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kulipwa, Laughing Stars ya Ichiro Ida, ilianza Kobe mwaka 1923, ikipiga muziki wa dansi wa Kimarekani. Kumbi za dansi zilistawi Osaka, baadaye Tokyo, na aliyetaka kujifunza kutoka kwa wapigaji weusi wenyewe alipanda meli kwenda Shanghai, mji uliokuwa umejaa vilabu na bendi za kigeni. Mpiga tarumbeta Fumio Nanri alipitia huko. Halafu ikaja vita, na jazz ikapigwa marufuku kama muziki wa adui.

Baada ya 1945 mambo yaligeuka ghafla. Majeshi ya Marekani yalifungua vilabu kwenye kambi zao kila upande, na vilabu hivyo vilihitaji bendi kila usiku. Wanamuziki walikusanyika karibu na kituo cha treni cha Tokyo, malori ya jeshi yakaja kuwachukua, na bendi zikapimwa na kupangwa madaraja, daraja ndilo likiamua malipo. Ukipiga vibaya, hupati kazi. Ile ndiyo ilikuwa shule ya kwanza.

Shule ya pili ilikuwa mkahawa. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu bila kuielewa mikahawa hii hutaielewa jazz ya Japani. Santuri kutoka Marekani ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo palikuwa na mikahawa midogo, iitwayo jazz kissa, ambayo mwenye mkahawa ndiye aliyenunua santuri na spika kubwa, na wewe ulilipia kikombe cha kahawa tu ukakaa saa nyingi ukisikiliza. Katika mingi kuzungumza kulikatazwa. Wanamuziki chipukizi walikaa pale na karatasi, wakiandika noti moja baada ya nyingine jinsi magwiji wa Kimarekani kama Bud Powell wa piano au Charlie Parker wa saksafoni walivyopita. Mkahawa wa Chigusa, Yokohama, ulifunguliwa mwaka 1933. Vita viliuangamiza, mwenyewe Mamoru Yoshida akaufungua upya, na kati ya vijana waliokuwa wakiingia pale ni Toshiko Akiyoshi, Sadao Watanabe na Terumasa Hino. Hao watatu ndio nguzo za karibu kila kitu kilichofuata. Basie, uliopo mji wa Ichinoseki tangu 1970, umekuwa mahali pa kuhiji kwa wapenda sauti. Unapojiuliza kwa nini rekodi za Kijapani zina sauti safi namna ile, kumbuka kwamba walizitengeneza watu waliolelewa kwenye vyumba ambamo kusikiliza ndiyo ilikuwa kazi pekee.

Ukitaka kusikia kizazi kile kikiwa bado kinaiga, na kinaiga kwa ustadi wa kutisha, tafuta rekodi za Mocambo. Mocambo ilikuwa klabu Yokohama, na usiku mmoja wa Julai 1954 wanamuziki walijifungia humo wakapiga mpaka asubuhi. Mpenzi mmoja wa jazz, Kiyoshi Iwami, alikuwa na mashine ya kurekodi aliyoitengeneza mwenyewe, na bila yeye tusingekuwa na kitu. Humo yumo Hampton Hawes, mpiga piano wa Los Angeles aliyekuwa Japani kama mwanajeshi, na yumo Shotaro Moriyasu, piano yake ikikimbia utadhani anakimbizwa. Moriyasu alifariki mwaka uliofuata, na karibu hakuna rekodi nyingine yake ya maana. Sauti ina mikwaruzo. Vumilia.

Toshiko Akiyoshi ndiye aliyetoka kwanza. Alizaliwa Manchuria mwaka 1929, familia ikarudi Japani baada ya vita ikiwa imepoteza kila kitu, naye akaanza kupiga piano kwenye kumbi za dansi za Beppu. Mwaka 1953 mpiga piano maarufu wa Kanada, Oscar Peterson, alimsikia Tokyo, akamwambia mtayarishaji Norman Granz amrekodi, na akarekodiwa na wenzake Peterson mwenyewe. Mwaka 1956 akaingia shule ya muziki ya Berklee, Boston, Marekani, Mjapani wa kwanza katika shule ile. Bendi yake ya Tokyo aliikabidhi kwa mpiga saksafoni wake, Sadao Watanabe, naye akamfuata Berklee mwaka 1962. Aliporudi 1965 akaanza kuwafundisha wenzake yale aliyoyasoma. Weka mstari huu akilini, maana ndio unaofika kwa Hiromi: Toshiko 1956, Watanabe 1962, kisha Makoto Ozone wa Kobe mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Hiromi Uehara mwaka 1999. Wote shule moja. Na mwalimu wa piano aliyemlea Hiromi huko Hamamatsu alimpigia santuri za nani? Erroll Garner na Oscar Peterson, yuleyule.

Januari 1961 mpiga ngoma wa Marekani, Art Blakey, alizuru na bendi yake ya Jazz Messengers, na Tokyo ikapagawa. Wenyeji wanasimulia kwamba hata vijana waliokuwa wakisambaza tambi kwa baiskeli walikuwa wakipiga mluzi wimbo wa Moanin'. Basi wapigaji wa Tokyo wakajikuta njia panda. Kazi sasa ilikuwepo tele kwa yeyote aliyeweza kupiga kama Blakey. Waliokataa kupiga hivyo walikusanyika kwenye mkahawa mdogo mtaa wa Ginza uitwao Ginparis, mahali palipojulikana kwa nyimbo za Kifaransa, wakawa wanajaribu yao. Usiku wa 26 Juni 1963, daktari mpenda jazz, Osamu Uchida, aliwarekodi. Hii ndiyo rekodi niliyokuahidi. Humo wamo mpiga gitaa Masayuki Takayanagi, mpiga piano Masabumi Kikuchi, kijana Terumasa Hino, mpiga piano Yosuke Yamashita, mpiga ngoma Masahiko Togashi, na Inaba wetu kwenye besi. Wengi wao walikuwa na miaka ishirini na kitu tu. Ukiniuliza ni rekodi gani moja ya kuanzia kwa mtu anayetaka kuelewa ukoo wote, nitakutajia hii, hata kabla ya Scenery, kwa sababu ndani ya miaka kumi kila mmoja wao alikuwa amekwenda upande wake, na pande hizo ndizo "mitindo" unayoiona leo.

Hino alikwenda kwa nguvu na mwanga. Mwaka 1965 alikuwa Berlin na bendi ya mpiga ngoma Hideo Shiraki, wakirekodi Sakura Sakura pamoja na akina dada watatu wa koto, kinubi kirefu cha Kijapani kinacholazwa sakafuni. Miaka minne baadaye ikaja Hi-Nology. Taro's Mood, iliyorekodiwa jukwaani Munich mwaka 1973, ndiyo ninayoirudia zaidi. Mwaka 1975 alihamia New York.

Kikuchi alikwenda kwa ukimya. Mwaka 1968 alirekodi na Hino, na mwaka 1970 alikaa nyuma ya Hozan Yamamoto, bwana wa shakuhachi, filimbi ya mwanzi, kwenye albamu ya Ginkai. Mpiga besi humo ni Mmarekani, Gary Peacock, aliyekuwa akiishi Japani wakati ule. Mpigie mzee albamu hii. Yamamoto anavuta pumzi, unaisikia pumzi yenyewe ikipita kwenye mwanzi kabla ya noti, Kikuchi anaweka noti mbili tatu kisha anaacha, na Peacock hajazi ile nafasi. Kuna sehemu ambazo hakuna anayepiga, na bendi haijasimama. Ninaamini kabisa hakuna bendi ya Marekani ambayo ingeupiga muziki huo, si kwa kukosa uwezo, ila kwa sababu subira ile ilitoka kwenye muziki wa kale ambao Yamamoto alilelewa nao. Yamamoto huyu hakuwa mgeni wa jazz. Miaka mitatu kabla, 1967, alipanda jukwaa la tamasha la jazz la Newport, Marekani, na bendi kubwa ya Nobuo Hara, Sharps and Flats, iliyokuwapo tangu 1951.

Yamashita naye akachoma madaraja. Mwaka 1969 aliunda kundi la watu watatu lisilo na besi: piano, saksafoni ya Seiichi Nakamura na ngoma za Takeo Moriyama. Mwaka huohuo wanafunzi walikuwa wamefunga vyuo kwa vizuizi, na kundi hili lilipiga ndani ya Chuo Kikuu cha Waseda, katikati ya vurugu zile. Rekodi yake inaitwa Dancing Kojiki. Mwaka 1974, akiwa na Akira Sakata kwenye saksafoni, walikwenda Ulaya na tamasha la Moers nchini Ujerumani likawapokea kwa kishindo. Hiyo utaipata kwenye albamu ya Clay. Usiisikilize ukiwa unabadilisha kioo cha simu ya mteja. Huu muziki unataka mtu mzima, mwili na roho. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba watatu hawa hawapigi ovyo: wanakwenda na kurudi kwa ishara, na ngoma za Moriyama zinajibu kila konde la piano. Takayanagi alikwenda mbali zaidi, hadi kwenye ukuta wa kelele za gitaa, pamoja na kijana wa saksafoni Kaoru Abe aliyefariki 1978 akiwa na miaka 29. Huko nenda baadaye, ukiwa umezoea.

Na Togashi. Huyu alipooza miguu akiwa kileleni. Mpiga ngoma bila miguu hana ngoma kubwa wala matoazi ya kukanyaga. Akajipangia seti mpya ya kupiga kwa mikono peke yake, na muziki wake ukabadilika kabisa, ukawa wa sauti moja moja zinazowekwa kwa uangalifu mkubwa. Spiritual Nature ya 1975 ndiyo ushahidi. Katika muziki wote niliokutajia hapa, hii ndiyo albamu inayonigusa zaidi.

Sasa unaweza kumrudia Fukui na kumwona alipo. Alizaliwa Hokkaido mwaka 1948, akaanza piano akiwa na miaka 22, akijifundisha mwenyewe, na miaka sita baadaye, 1976, akatoa Scenery. Hakuwa mtu wa Tokyo, na hiyo ndiyo sababu jina lake halimo kwenye ukoo niliokueleza. Alikuwa Sapporo, kaskazini, mji wa baridi na theluji, akapiga humo maisha yake yote, na mwaka 1995 akafungua klabu yake mwenyewe, Slowboat. Ndugu yake Yoshinori ndiye anayepiga ngoma kwenye Scenery. Wimbo wa Early Summer uliouzoea si wake, ni wa mpiga piano Hideo Ichikawa. Alifariki 2016, umaarufu wa YouTube ukiwa ndio kwanza unapamba moto. Ulipoipenda Scenery ulipenda kazi ya mpigaji wa mikoani, na Japani imejaa wa namna hiyo. Tachibana ya kundi la Tohru Aizawa, ya 1975, ilipigwa na wanafunzi mkoani Gunma na haikutolewa na kampuni yoyote kubwa, sikiliza utakavyoshangaa. Mwaka 2018 kampuni ya BBE ya London ilianza kutoa mikusanyiko iitwayo J Jazz, na humo wengi wa hao wa pembeni wamo.

Ukipenda sauti ile ya piano ya usiku lakini iliyorekodiwa kwa usafi wa kupindukia, ingia kwenye lebo ya Three Blind Mice, iliyoanzishwa 1970. Midnight Sugar ya Tsuyoshi Yamamoto, ya 1974, na Blow Up ya Isao Suzuki, iliyorekodiwa 1973, zinatosha kwa kuanzia. Kwenye Blow Up utasikia vidole vya Suzuki vikigusa nyuzi za selo. Vaa hedifoni nzuri.

Lakini kama kuna mmoja ambaye msikilizaji wa Kiswahili hana udhuru wa kutomjua, ni Sadao Watanabe. Mwaka 1972 alifika Afrika Mashariki, na safari ile ilimbadilisha. Mwaka 1974 alitoa albamu ya jukwaani aliyoiita Mbali Africa. Mwaka 1975, kwenye tamasha la Montreux, Uswisi, alipiga nyimbo alizozipa majina ya Pagamoyo na Tanzania E. Ziko kwenye albamu ya Swiss Air. Mwaka 1985 akatoa Maisha. Sitaki nikudanganye kwamba utasikia taarabu au ngoma za kwenu humo. Utasikia saksafoni ya mtu aliyekulia kwa Charlie Parker ikiegemea midundo inayozunguka, na melodi fupi za furaha zinazorudiwa kama kiitikio. Nina hakika mzee wako akisikia upande wa kwanza wa Swiss Air atauliza ni bendi gani.

Watanabe huyohuyo ndiye daraja lako kwenda Casiopea. Mwaka 1978 alitoa California Shower, akiwa na Dave Grusin, gitaa la Lee Ritenour na ngoma za Harvey Mason, na ikauzika Japani kwa kiwango ambacho santuri za jazz hazikukizoea. Kampuni zikaamka: vijana wanataka fyusheni, yaani jazz iliyochanganywa na roki na fanki. Casiopea, bendi ya mpiga gitaa Issei Noro, ikatoa albamu ya kwanza 1979. Mwaka 1981 wakatoa Eyes of the Mind, na mtayarishaji ni Harvey Mason, yule wa California Shower. Unaona jinsi majina yanavyofunga mambo? Kwao, anza na Mint Jams ya 1982. Waliipiga jukwaani lakini makofi yakaondolewa, kwa hiyo unasikia ukali wa jukwaa na usafi wa studio kwa pamoja, na Akira Jimbo kwenye ngoma hakosei hata nukta. Wenzao T-Square walitoa Truth mwaka 1987, ikawa muziki wa mbio za Formula One kwenye televisheni ya Fuji. Kama uliwahi kucheza Gran Turismo kwenye PlayStation, wimbo wake wa ufunguzi ulitungwa na Masahiro Andoh, aliyekuwa mpiga gitaa wa T-Square. Nyingine nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa ajili ya redio za magari na hazina uzito. Ziruke bila kujuta.

Toshiko tulimwacha Marekani. Mwaka 1973, na mumewe Lew Tabackin, aliunda bendi kubwa Los Angeles, na mwaka 1974 wakatoa Kogun. Wimbo uliobeba jina la albamu unamhusu Hiroo Onoda, mwanajeshi wa Kijapani aliyeendelea kujificha msituni Ufilipino karibu miaka thelathini baada ya vita kwisha. Unaanza kwa sauti ya maigizo ya Noh, mtu anayetoa mlio mrefu kutoka kifuani, na vishindo vya tsuzumi, ngoma ndogo ya begani. Kisha tarumbeta na saksafoni zinaingia polepole, na filimbi ya Tabackin inapita juu yake. Mwaka 1976 kwenye Insights aliweka Minamata, kuhusu watu waliodhuriwa na sumu ya zebaki iliyotupwa baharini na kiwanda. Huyu ni mwanamke aliyeandika kila noti ya bendi yake mwenyewe kwa miaka thelathini, katika fani iliyokuwa ya wanaume wa Kimarekani. Mwaka 2007 Marekani ilimtunuku heshima ya juu kabisa wanayopewa wanajazz. Mzee akisema tena "wanaiga", mwekee Kogun.

Walio hai na wanaopiga leo ni wengi. Soil and "Pimp" Sessions walianzia vilabu vya Tokyo mwaka 2001, ni kelele na jasho; sikiliza Pimp Master. Takuya Kuroda, tarumbeta, mtoto wa Kobe anayeishi New York, alipiga muda mrefu na bendi za afrobiti, na Rising Son ya 2014 utaielewa mara moja kwa sababu midundo yake iko karibu nasi. Miho Hazama anaandikia bendi kubwa, na mwaka 2019 alichukua uongozi wa bendi kubwa ya redio ya Denmark. Satoko Fujii, mpiga piano wa jazz huru, alipotimiza miaka 60 mwaka 2018 alitoa albamu moja kila mwezi. Hiromi umeshamwona kwenye video, sasa msikilize bila picha, kuanzia Another Mind ya 2003, uone kama vidole vile bado vinakushangaza. Mimi hunishangaza zaidi anapopunguza mwendo.

Kisha tazama filamu ya katuni ya Blue Giant ya 2023. Ni hadithi ya kijana wa saksafoni, na muziki wake umeandikwa na Hiromi, yeye mwenyewe akipiga piano, Tomoaki Baba akipiga saksafoni na Shun Ishiwaka ngoma. Ishiwaka ni mzaliwa wa Hokkaido, kama Fukui, na kwa sasa ndiye jina la kufuata: bendi yake ya Answer to Remember itakupeleka kwa kizazi kizima cha wapigaji ambao bado hawajafika miaka arobaini.

La mwisho ni la kiufundi, na wewe ni fundi. Kwenye YouTube, maelezo yaliyo chini ya video mara nyingi yana majina ya wapigaji kwa herufi za Kijapani. Yanakili, yabandike kwenye sehemu ya kutafutia, uone tofauti: 日野皓正 itakuletea Hino ambaye hutamkuta ukiandika kwa herufi zetu, na 福居良 itakuletea Fukui zaidi ya Scenery. Fahamu pia kwamba wao hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Fukui Ryo na Ryo Fukui ni mtu mmoja. Usinunue santuri za zamani, bei zake hazina huruma. Zilizotolewa upya zina sauti nzuri, na nyingi ziko kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni. Pakua albamu nzima kabla hujaingia zamu ya usiku, uzime mapendekezo ya wimbo unaofuata, na uanze na ule usiku wa Ginparis.